Mwito wa Tatu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa magoti ya kupanda ngazi za hoteli ile kwa miaka thelathini na saba, kisha akanipa ruhusa ya kuacha kuzipanda. Siku mliyoniaga, ninyi mnaobaki na funguo mliniomba niandike niliyojifunza kazini. Nilidhani mnasema kwa adabu tu. Lakini wawili wenu mmekuja mpaka nyumbani kuulizia, na mmoja ameniletea daftari lenye mistari, basi nimekaa kuandika. Nilipandishwa cheo lini na barua gani niliandikiwa, hayo yatafuteni kwenye kabati la ofisini, kama panya hawajayamaliza. Mimi nitaandika habari za vyumba, na hasa chumba kimoja.

Niliingia kazini nikiwa kijana wa Msimbazi, nimetoka chuoni kwa mwalimu wangu nimehitimu msahafu na vitabu viwili vitatu vya fiqhi. Nilijiona msomi. Siku ya kwanza mkuu wa vyumba, Mzee Shomari, alinikabidhi shuka moja na kitanda kimoja akaniambia nitandike. Nikatandika. Akaishika shuka kwenye pembe, akaivuta yote chini, akasema rudia. Alifanya hivyo mpaka adhuhuri. Hakunigombeza hata mara moja. Kila akiivuta alikuwa anasema, "Ustadhi, mgeni atalala hapa, si wewe." Jina la ustadhi likanishika tangu siku hiyo, na sikulipata kwa elimu bali kwa pembe za shuka.

Mzee Shomari alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta kunguni kwa kipande cha sabuni ya mche: unakilowesha, unakipitisha taratibu kwenye mishono ya godoro, na wao wanabaki wamenasa kwenye sabuni. Hakuna dawa ya dukani niliyoiona ikishinda hiyo. Alinifundisha kusikiliza chumba kabla ya kukifungua. Alinifundisha pia kuamini ubao wa mapokezi. Mnaujua ubao ule, bado upo, ingawa siku hizi mmeufanya pambo. Kila funguo ilikuwa na kipande cha mpingo na kila chumba kilikuwa na msumari wake. Mgeni akitoka anaacha funguo, akirudi anaichukua. Funguo ikiwa msumarini, chumba ni kitupu. Hatukuuliza zaidi ya hapo. Msumari ulikuwa ndio ushahidi wetu.

Hoteli yenyewe ilijengwa na babu wa ukoo wa Kiarabu ambao mpaka leo ndio wenyewe, pale Mchafukoge, ghorofa mbili juu ya maduka, kuta nene kama za ngome na roshani za mbao zinazotazama barabara. Nyumba ya umri huo haikosi maneno. Maneno ya hapo yalikuwa juu ya chumba namba tisa, cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya juu. Ilisemwa kina jini. Wengine walisema ni mwanamke wa Kihindi aliyefia humo, wengine Mjerumani, na fundi mmoja wa umeme aliniapia ni paka. Sikuwahi kukuta watu wawili wanaokubaliana. Walichokubaliana ni kwamba hugonga ukutani, na kwamba huita watu kwa majina.

Kwa hiyo kulikuwa na kanuni, na nataka muisome polepole. Wiki yangu ya kwanza Mzee Shomari alinisimamisha mbele ya namba tisa akanieleza kwamba ukiwa peke yako korido ya juu, ukasikia jina lako na humwoni anayeita, usiitike. Mwito wa kwanza ni wao. Wa pili ni wao. Wao hawawezi kuita mara ya tatu. Binadamu ndiye huita ya tatu. Ukisikia ya tatu, itika uende.

Mimi sikushangaa. Bibi yangu alitulea hivyohivyo, na nadhani wengi wenu pia mlilelewa hivyo. Nilikuwa nimesoma vitabu, na hakuna hata kimoja kilichoniambia jambo hilo, lakini sikwenda kumuuliza mwalimu wangu. Lilikuwa limekaa ndani yangu kabla sijajua kusoma.

Mgeni wa namba tisa alikuwa Mzee Nassoro, fundi cherehani wa Lindi. Kila baada ya miezi michache alikuja Kariakoo kununua nyuzi, vifungo na vitambaa, na kila akija alitaka chumba hichohicho kwa sababu kilipata upepo. Alikuwa mtu wa furaha. Tukimtania juu ya jini alikuwa akijibu, "Mwambieni aje basi, leo nahitaji mtu wa kunishikia chandarua." Mimi aliniita kwa jina langu, Mbaraka, wakati hoteli nzima inaniita ustadhi. Alisema ustadhi ni kazi na Mbaraka ni mtu. Alinishonea koti la kanzu bila kunipima. Alinitazama tu nikipanda ngazi na beseni la mashuka, na likanikaa sawasawa.

Ijumaa ilikuwa siku yetu ya kupiga deki kwa maji mengi. Vyumba ambavyo wageni wametoka tuliviacha milango wazi sakafu ikauke. Ijumaa ninayoisema, Mzee Nassoro alitoka asubuhi, akaacha funguo mapokezi, akasema ana shughuli nyingi na ataswali hukohuko Kariakoo. Nikapiga deki namba tisa, nikaacha mlango wazi.

Yaliyofuata tuliyaunganisha baadaye. Kichwa kilianza kumuuma akiwa sokoni. Akarudi ili abadilishe nguo, apumzike kidogo, aende Ijumaa msikiti wa jirani. Alipoingia, karani wa mapokezi alikuwa ameshatangulia msikitini na hapakuwa na mtu wa kumpa funguo. Hakuihitaji. Alipanda, akakuta mlango wake uko wazi, akaingia, akaufunga nyuma yake. Funguo ikabaki msumarini.

Mimi nilikuwa wa mwisho kushuka. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu kwenye stoo ya mashuka ya juu, na lile koti lake juu yake. Nikatoka koridoni, nikaona mlango wa namba tisa umefungwa, nikasema ni upepo. Nilikuwa nafunga stoo niliposikia jina langu.

"Mbaraka."

Haikuwa sauti ninayoijua. Ilikuwa nzito, imevutika, kama ya mtu aliyejazwa pamba mdomoni. Nilisimama na funguo mkononi. Ikaita tena, "Mbaraka," mara hii chini zaidi, karibu na sakafu. Nikaisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini mpaka mwisho, nikasubiri. Namwogopa Mungu nisiseme uongo hapa: nilisubiri kwa haki. Ningesikia ya tatu ningeenda. Ya tatu haikuja. Adhana ilikuwa inaisha. Nikashuka ngazi kwa haraka, na nilipopita mapokezi nikautazama ubao. Funguo ya tisa ilikuwa inaning'inia. Moyo ukatulia.

Nikaenda kuswali Ijumaa. Hotuba ya siku ile siikumbuki hata neno moja, na nimejaribu miaka yote hii kuikumbuka.

Tuliporudi tulikula jikoni. Nikamwambia Mzee Shomari, tena kwa majivuno kidogo, kwamba leo na mimi nimeitwa. Akauliza mara ngapi. Nikasema mbili. Akauliza kama niliitika. Nikasema sikuitika. Akasema vizuri, akaendelea kula.

Alasiri nilipanda kufunga madirisha. Mlango wa namba tisa ulifunguka kidogo ukakwama. Nikasukuma, nikahisi kitu laini nyuma yake. Nilipitisha kichwa. Mzee Nassoro alikuwa sakafuni, kanzu imeingia mkono mmoja tu, mdomo umekwenda upande. Macho yalikuwa wazi na alikuwa hai. Alinitazama. Sijui alikuwa anataka kusema nini, na sitamsemea.

Tulimteremsha kwa shuka, watu wanne, tukampeleka hospitali. Daktari alisema ni kiharusi. Akauliza kama kuna mtu aliyekuwepo kilipoanza, maana saa zile za kwanza ndizo zinazoweza kumsaidia mgonjwa. Mzee Shomari akajibu kwamba hakuna. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, na koti aliloshona yule mgonjwa liko mwilini mwangu.

Alifariki Jumapili. Ndugu zake walikuwa Lindi na barabara ya zama zile mnaisikia tu, kwa hiyo tulimzika siku hiyohiyo, Kisutu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyejulikana kusoma, niliombwa kumwosha. Nilimwosha kama nilivyofundishwa, kuanzia kulia. Nilipofika mkono wa kushoto nikaona vifundo vya vidole vyote vimechubuka, damu imeganda. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, basi aligonga kwa mkono uliobaki. Aligonga sakafu au mlango, sijui kwa muda gani. Mwito wa tatu ulikuja. Mimi nilikuwa safu ya pili msikitini.

Mwosha maiti ameamrishwa kusitiri anachokiona. Ni amri njema, imewekwa kulinda heshima ya aliyekufa. Mimi niliitumia kujilinda mwenyewe.

Baada ya maziko Mzee Shomari aliniita stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Ulifanya nilivyokufundisha," akasema. "Kama kuna kosa ni langu. Wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Nikajiambia ndiyo adabu kwa mkubwa.

Siku ya tatu mke wa marehemu alifika na shemeji yake na binti mdogo. Tuliwakusanyia vitu: sanduku, nyuzi, mkasi wake. Yule mama alikuwa amechoka sana na hakulia mbele yetu. Aliuliza jambo moja tu, kwamba je, mumewe hakuita, hakuna aliyemsikia? Mzee Shomari akamwambia, "Hakuna aliyesikia, mwanangu. Tulikuwa Ijumaa." Mimi nilikuwa nimeshika sanduku. Nilipoona yule mtoto amekaa peke yake kwenye ngazi nikamnunulia soda.

Mwezi haukwisha, Mchafukoge nzima ilishajua kwamba fundi wa Lindi kapigwa na jini la namba tisa. Wenye hoteli hawakulisema, wala hawakulikanusha. Wafanyakazi tulilisema kwa moyo mmoja. Lilitupumzisha wote.

Miaka ikaenda. Mzee Shomari hakumfundisha tena mtu yeyote ile kanuni. Alistaafu, akahamia kwenye chumba cha kupanga Buguruni nyuma ya gereji, na alipougua nilikuwa nakwenda kumwogesha. Siku moja mchana alikuwa amelala, nami niko nje nafua shuka zake.

"Mbaraka," akaita.

"Naam," nikajibu kabla hajafunga mdomo, nikaingia na povu mikononi.

"Tungekuwa wepesi hivi siku ile," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko yeye kulitaja. Akaniusia nimtafute mjane wa Nassoro nimwambie. Nikamwahidi. Alikufa wiki hiyo, na ahadi ikabaki kwangu. Kwanza barabara ya Lindi ilikuwa mbaya. Barabara ikatengenezwa, nikatafuta sababu nyingine.

Nilipowekwa kusimamia vyumba niliibadilisha kazi. Niliwalazimisha wote kugonga na kufungua kila chumba, funguo iwe msumarini au isiwepo. Nilikataza kuacha ghorofa ya juu bila mtu saa ya Ijumaa; asiyelazimika Ijumaa ndiye anayebaki, na anakaa koridoni, hakai jikoni. Na mimi mwenyewe nikashika tabia ya kuitika kila sauti. Bomba likilia, naam. Mlango ukikoroma, naam. Ninyi mkanipa jina la Mzee Naam, mkadhani ni adabu za kizamani. Mmoja wenu alikuwa akijificha kwenye stoo na kuniita kwa sauti ya kike ili wenzake wacheke. Nilikuwa naitika. Sasa mnajua sababu.

Kugonga ukutani nako kulipata maelezo. Fundi bomba alipobadilisha mabomba alinionyesha kwamba tangi la paani likijaa, bomba lililopita ndani ya ukuta wa namba tisa linaruka na kugonga tofali. Alilifunga kwa kamba ya waya na kugonga kukaisha. Nilimweleza kila mtu kwa furaha. Hakuna aliyetaka kusikia habari za kamba ya waya.

Kisha akaja meneja wetu wa sasa, Hisham, mjukuu wa wenyewe. Ni kijana mwenye heshima, hanipiti bila shikamoo, na sina ugomvi naye. Aliona hoteli mpya zinatuzidi kwa lifti na viyoyozi, akaona sisi tunacho wasichokuwa nacho, yaani jini. Akaweka kibao kwenye mlango wa namba tisa, akaweka picha kwenye simu, na watu wakaanza kuja. Walikuja wanafunzi, waliokuja Kariakoo kununua bidhaa, hata maharusi wa kupiga picha. Akaniomba niwe nawapandisha na kuwasimulia. "Babu, wewe ongea tu," aliniambia. "Wanapenda unavyosema polepole."

Nilikubali. Nimejiuliza kwa nini, na jibu si zuri: nilipenda kusikilizwa. Nikawa nawasimamisha koridoni, nasema kwamba humu aliangukia fundi mmoja wa Lindi, mzee wa kanzu nyeupe, akafa, na mpaka leo huita. Huita mara mbili tu. Ukisikia ya tatu, huyo ni binadamu. Nilikuwa nikilisema hilo naangalia chini. Kisha lazima mmoja aseme kwamba yeye akiitwa atampa namba yake ya simu, na wanashuka wakicheka.

Mwaka wangu wa mwisho, kundi moja la wanachuo liliposhuka, mwanamke mmoja alibaki. Alikuwa mtu mzima wa buibui, na mfuko wa vitambaa miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Wenzako wameshashuka."

"Si wenzangu. Mimi natoka Lindi. Naitwa Zuhura binti Nassoro."

Nilimkaribisha ndani ya namba tisa aketi kitandani. Akakikataa kitanda. Nikamletea kiti.

Alieleza bila haraka. Binti yake yuko sekondari, na wenzake walimwonyesha kwenye simu mzee mmoja akisimulia juu ya mzimu wa fundi wa Lindi. Mzee yule nilikuwa mimi. Tangu hapo shuleni wakamwita mjukuu wa jini. Mtoto akafika mahali akakataa kumsomea babu yake Yasini, kwa sababu jini hasomewi Yasini. Bi Zuhura akaona aje mwenyewe asikie.

"Ulinipa soda ya chungwa pale kwenye ngazi," akasema. "Sikuinywa. Nilikuwa namsikiliza mama. Aliuliza kama kuna aliyemsikia baba, mkasema hakuna."

"Ndivyo tulivyosema."

"Sasa nani aliwaambia kwamba aliita mara mbili?"

Chini barabarani muuza dawa alikuwa anapita na kipaza sauti chake, panya, mende, kunguni, panya, mende, kunguni. Nilisubiri apite. Alipopita sikuwa na kingine cha kusubiri.

"Ni mimi," nikasema. "Aliniita mimi."

Nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa. Nilimweleza juu ya kanuni, funguo msumarini, Ayatul Kursi, khutba, chakula cha jikoni. Nilipofika kwenye kuosha nikasita, kisha nikamwambia habari za vifundo vya vidole, kwa sababu siri ile haikuwa inamsitiri baba yake.

"Mkono upi?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Alikuwa anashonea wa kushoto," akasema. "Bibi alimchapa sana kwa ajili hiyo, haukubadilika."

Nilimwomba msamaha. Hakunijibu upesi, na nilishukuru kwa hilo, maana jibu la upesi ningelidharau.

"Wewe umesoma," akasema mwishoni. "Unajua haki ya mtu haifutwi kwa kuswali. Mimi langu nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. La mama na la kaka zangu sina mamlaka nalo. Uwafuate mwenyewe. Na huyo jini wenu mumtoe kwa baba yangu."

Siku hiyohiyo nilimwambia Hisham kwamba sitasimulia tena, na nikamweleza sababu. Alisikitika kweli. Alisema atakiondoa kibao. Nilipostaafu kilikuwa bado kipo, na nasikia sasa mmoja wenu ameombwa kushika nafasi yangu.

Nilikwenda Lindi. Mjane wa Nassoro yuko hai, macho yamepungua lakini anasikia. Aliniketisha mkekani, akanitaka nimwonyeshe mumewe alivyoita. Ilibidi nijiite jina langu mwenyewe mbele yake, mara mbili, kwa sauti ile. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema sasa amemsikia, akanisamehe, akanipa uji. Nilikuwa nimefunga na sikuwa na uso wa kumwambia, nikaunywa, nikailipa ile siku baadaye. Watoto wawili wa kiume wako hukohuko, nao walinisamehe baada ya mama yao kusema.

Aliyebaki ni mkubwa, Khalfani. Huyo haishi Lindi. Ana duka la nyuzi na vifungo Msimbazi, na nilipoonyeshwa nililijua. Nimelipita miaka mingi nikienda na kurudi kazini. Nadhani nimewahi kununua vifungo pale.

Mara ya kwanza alinisikiliza akiwa nyuma ya meza huku anahudumia wateja. Alimpimia mama mmoja lastiki, akamfungia mwingine zipu kwenye karatasi. Ana mikono ya baba yake. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Unasema ulikuwa unasubiri akuite mara ya tatu?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi unijie mara tatu," akasema. "Nitajua ni binadamu."

Nilikwenda tena wiki iliyofuata. Nilisimama mlangoni nikatoa salamu. Aliniona. Midomo yake ilitikisika, maana salamu ni lazima ijibiwe, lakini sauti haikutoka, akarudi kupanga roli zake za nyuzi. Nilisimama pale kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Ayatul Kursi, kisha nikaondoka.

Ya tatu sijaenda. Nimeogopa, nawaambia ukweli. Mara ya tatu ikiwa kimya hakuna nyingine nyuma yake.

Basi haya ndiyo mliyoniomba. Pembe za shuka mtazipatia, na kunguni mtawashinda kwa sabuni. Ninalowataka ni mawili. Mtu akiwaita, kwa sauti yoyote, hata kama funguo iko msumarini, itikeni mwito wa kwanza na mfungue mlango. Na wakija wageni kuuliza habari za namba tisa, waambieni alikuwa anaitwa Nassoro, fundi cherehani, Mwislamu, mtu wa furaha, aliugua humo mchana wa Ijumaa akaita watu nasi hatukwenda. Wakisema hiyo haitishi, waacheni washuke.

Kesho ni Ijumaa. Nitavaa koti lake, bado linanikaa, nipite Msimbazi kabla ya adhana.